Msonobari Kwenye Viatu vya Baba Yako

Njoki wangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi nimekuona ukimaliza mandazi matatu na kuuliza kama kuna mengine. Sasa umeenda kusukwa kule Adams, na msusi wako namjua tangu ukiwa darasa la sita. Anaongea kuliko anavyosuka, kwa hiyo nina mchana mzima wa kukuandikia. Kesho asubuhi basi lako linaondoka kwenda Eldoret. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, pale unapoficha chaja ya simu. Ndiyo, najua unaificha pale. Najua kila kitu kilichomo kwenye begi hilo, na ugonjwa huo wangu wa kujua ndio unaonifanya nishike kalamu.

Sitakuambia kwamba Eldoret kuna baridi, wala kwamba ule, usali na usome. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu. Nataka kukuambia habari za baba yako. Nilikudanganya. Nimeliandika hapa mwanzo ili nisipate nafasi ya kulikwepa huko mbele.

Mimi ni mtu wa kushuku, na hilo huhitaji kuambiwa. Wewe ndiye uliyegundua alama ya kalamu ninayoweka kwenye kopo la sukari, ukanicheka wiki nzima. Maziwa nayaonja mbele ya muuzaji. Simu yako ikilia ukatoka kwenda kuongea nje, napunguza sauti ya redio. Hata mwaka huu wa mgao wa stima, kwetu kukizima mimi hukimbilia dirishani kuona kama wale wa ghorofa ya mbele wanayo, na wakiwa nayo naanza kujiuliza wanamjua nani.

Zamani nilidhani nimezaliwa hivi. Siku hizi nafikiri nilirithi. Nyanya yako alifanya kazi ya nyumba Lavington miaka mingi, na kila jioni akitoka askari wa getini alimpekua kikapu mbele ya watunza bustani. Mama mwenye nyumba naye alikuwa akihesabu vijiko. Nyanya yako hakuwahi kuchukua hata kimoja, lakini desturi ile alikuja nayo Dagoretti, akawa anatuhesabia vijiko sisi wanawe. Nilikua nikijua kwamba kuhesabu ndiko kunakomlinda mtu.

Kisha nikapata kazi inayotaka mtu wa namna hiyo hiyo. Hujawahi kuniuliza hasa nafanya nini kule maabara mjini. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba mama yako anapika matope, na kusema kweli hukukosea sana. Tunaletewa matope ya juu juu kutoka kwenye vinamasi, yaani sehemu zile za maji yaliyotuama zenye matete na ndago. Tunayachuja, tunayapika kwa asidi mpaka mchanga na majani yote yaishe, na kinachobaki ni chavua, ule unga wa maua. Ganda la chavua ni gumu ajabu. Naweka tone moja kwenye kioo, nakunja shingo juu ya hadubini, nahesabu chembe moja moja: hii ya nyasi, hii ya ndago, hii ya msonobari. Ya msonobari hata wewe ungeijua, kwa sababu ina vifuko viwili vya hewa, kimoja kila upande, kama kichwa cha mtoto mwenye masikio makubwa.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja, daktari wa mimea tuliyekuwa tukimfanyia kazi, mama mmoja mrefu kutoka Siaya, alikuwa na swali moja tu. Ukichota matope ya leo kwenye kinamasi, je, chavua iliyomo inakuambia kweli ni mimea gani imekizunguka? Alitaka kujua hilo kabla hajaamini matope ya zamani, ya chini kabisa, yanayosimulia misitu ambayo hakuna mtu aliye hai aliyeiona. Tulianza na vinamasi vidogo vya upande wa magharibi wa mji, na cha kwanza kilikuwa bondeni kule Kitisuru, chini ya kuta za matajiri. Sheria yake alikuwa akiirudia mpaka tunachoka.

"Kwanza tembea," alisema. "Zunguka, andika kila kitu unaona kimesimama. Kuhesabu ni baadaye. Ukianza kwa hadubini, hadubini itakudanganya, na wewe utaapa ni ukweli."

Nilimwona kama mtu wa maneno mengi. Chembe ni chembe, nilijiambia, haina sababu ya kusema uongo.

Baba yako wakati huo alikuwa na meza yake ya kutengeneza saa, Tom Mboya Street, kwenye ngazi za duka la vitambaa. Unakumbuka kile kioo chake cha jichoni. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili waliokunja shingo mchana kutwa juu ya vitu vidogo, na jioni tulikandana mabega huku ukitucheka. Alikuwa msafi kupita kiasi. Fundi wa saa hawezi kuwa na vumbi, alisema, na viatu vyake vya kahawia alivipiga brashi kila asubuhi kabla ya chai.

Ndiyo maana niliyaona matope. Jumamosi moja alirudi na matope meusi, ya kinamasi, kwenye mshono wa soli. Nikamuuliza alikuwa wapi. Kazini, alisema. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Mara ya tatu alikuwa amejaribu kuvipangusa kwa karatasi, na ile juhudi ya kupangusa ndiyo iliyoniwasha moto. Mtu anayetoka kazini anapangusa nini?

Jumatatu alivaa raba kwa sababu ya mvua. Nilivitia vile vya kahawia kwenye mfuko, nikavipeleka maabara; alipoviulizia nikasema viko kwa fundi wa viatu. Nilikwangua mshono kwa kisu cha mezani, nikayapika matope yale kama sampuli nyingine yoyote, nikaandika kwenye kioo alama ninayoijua mimi peke yangu. Nikahesabu. Nyasi, ndago, matete, na msonobari mwingi, masikio makubwa kila nilipogeukia. Kando yake nikaweka kioo cha kinamasi cha Kitisuru. Njoki, vilifanana kama nguo mbili zilizokatwa kitambaa kimoja. Juu ya kinamasi kile kulikuwa na nyumba kubwa yenye safu ya misonobari ukutani, na niliwahi kumwona mwanamke mmoja akinywesha maua pale, amevaa kofia pana. Basi nikamkabidhi baba yako kwa mwanamke yule. Sikuwa najua hata jina lake.

Daktari alipita nyuma yangu akainama kuangalia. "Hii ni ya wapi?"

"Ni ya ziada tu. Upande ule ule wa Kitisuru."

"Mmh. Msonobari unaruka mbali, usiuamini. Ulitembea?"

"Nilitembea," nikasema.

Jumapili tuliporudi kanisani, wewe ukabaki chini ukiruka kamba na watoto wa jirani. Nilimwekea baba yako chakula, nikaketi mbele yake. Nimekuwa nikiyarudia maneno yale miaka minane sasa, kwa hiyo nayajua yote.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa job. Kuna mtu alileta saa ya ukuta."

"Ulikuwa Kitisuru."

Alicheka. "Kitisuru? Nani ananijua Kitisuru?"

"Hiyo ndiyo nataka uniambie. Viatu zako zimeshasema."

Nikamweleza kuhusu matope, nyasi, msonobari. Nilieleza vizuri sana, kwa fahari hata, kama mtu anayesomea wakubwa ripoti. Alikirudisha kijiko kwenye sahani.

"Mama Njoki. Wewe ulipeleka viatu zangu maabara?"

"Zilikuwa na matope."

"Si ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza ungenidanganya. Ulishanidanganya mara tatu."

Hilo lilikuwa kweli, na hakulikana. Nilimwona akitaka kusema kitu na kukimeza, na mimi nikajua, kwa uhakika ule ule wa hadubini, kwamba anameza jina la mwanamke.

"Sasa mimi nitaishi aje kwa nyumba," alisema mwishowe, "kama nikivua viatu lazima zipimwe?"

Nikamwambia kama haiwezekani atoke. Akatoka. Alivaa zile raba, kwa sababu viatu vyake vya kahawia vilikuwa bado chini ya meza yangu ya kazi. Ulipopanda juu ukauliza Baba ameenda wapi, nikakuambia ameenda kwa mwanamke wa Kitisuru. Ulikuwa na kamba ya kuruka mkononi. Hukulia mbele yangu, na nikakushukuru moyoni kwa kunirahisishia.

Miezi michache baadaye alikufa baba yako mdogo, Ndung'u. Wewe ulikuwa kwenye mtihani, ukaambiwa ni kifua. Nilikwenda mazikoni peke yangu. Baba yako alisimama upande wa pili wa kaburi, amekonda, hakunitazama. Nilipokuwa naondoka, mama mmoja wa makamo alinishika mkono. Alikuwa jirani ya Ndung'u kule Kangemi.

"Wewe ndiye bibi ya Fundi? Pole sana. Huyo mtu wako ako na roho. Kila Saturday alikuwa anakuja kumuosha ndugu yake, halafu anashuka huko mtoni anamchimbia nduma. Sababu ni nduma tu ilikuwa inakaa kwa tumbo. Hiyo chakula ingine yote ilikuwa inarudi."

Ndung'u alikuwa na ugonjwa ule ambao mwaka ule bado watu waliutaja kwa kunong'ona. Alikuwa amemwapisha kaka yake asimwambie mtu, na zaidi ya wote asiniambie mimi. Alihofu kwamba nikijua nitachemsha kila kikombe alichowahi kunywea nyumbani kwetu. Nimejitazama vizuri kuhusu jambo hilo, na nakuambia hakunionea. Ningevichemsha. Labda ningevitupa.

Hapo mtu mwingine angepiga magoti. Mimi nilishuku. Nilijiambia kwamba ndugu wamepanga hadithi, kwamba yule mama ametumwa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kangemi na kopo tupu la siagi, nikashuka mpaka mtoni pale chini ya nyumba ya Ndung'u, nikachota matope. Aibu ya jambo lile inanifikia sasa hivi ninapoandika. Nilienda kupima kama marehemu alikuwa kweli mgonjwa.

Lakini safari ile, kwa kuwa kopo lilijaa haraka na sikutaka kukutana na majirani njiani, nilizunguka. Nilitembea kama daktari alivyotaka, na nikaandika kilichosimama. Nduma, mstari baada ya mstari, majani makubwa kuliko sinia. Migomba. Nyasi za ng'ombe. Sukuma wiki kidogo, mparachichi mmoja. Matete na ndago pembeni ya maji. Msonobari sikuona hata mmoja. Nilisimama nikashangaa, kisha nikainua macho. Ng'ambo, mbali, juu ya mabonde na mapaa ya watu, ilionekana misonobari ya upande wa Kitisuru ikitikisika kwa upepo.

Nilihesabu matope ya Kangemi siku mbili. Nyasi, ndago, matete, na msonobari tele. Nduma, ambayo ilikuwa imejaa kila mahali nilipokanyaga, sikupata hata chembe. Mgomba sikupata hata chembe. Nduma ya shambani haitoi maua ila kwa nadra, mgomba wetu hauna chavua ya maana, na mimea inayotegemea nyuki haina haja ya kumwaga unga wake ovyo. Msonobari hutegemea upepo, na upepo hauzuiwi na ukuta wala askari wa getini. Kioo changu cha kwanza hakikuwa na kosa, Njoki. Nilihesabu sawasawa. Lakini kile kilichokuwa kikimlisha mtu pale mtoni hakikuacha alama yoyote ambayo mtu kama mimi angeiona, na kile kilichojaa tele kilikuwa kimepeperushwa kutoka kwa watu wasiotujua.

Nilimwambia daktari ukweli, kwamba ile sampuli ya ziada ilikuwa ya viatu na kwamba sikuwa nimetembea. Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta.

"Na sasa umemwambia yeye?" akauliza.

Sikumwambia. Hapo ndipo kosa langu la kwanza, ambalo lilikuwa ujinga, lilipogeuka kuwa kitu kibaya zaidi. Baba yako alikuwa ameshahamia Nakuru. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Wewe ulikuwa umeshamkasirikia, umezoea kumkasirikia, na hasira yako niliikalia vizuri kama kiti chenye mto. Kukuambia kwamba hapakuwa na mwanamke yeyote kungenifanya mimi ndiye wa kukasirikiwa. Niliogopa. Hakuna neno la heshima zaidi ya hilo.

Kuna jingine. Siku yalipotoka matokeo yako ya darasa la nane, alikuja. Alisimama pale getini chini na mfuko wa karatasi mkononi, akauliza kama anaweza kukuona, akupongeze. Nikamwambia umeenda Limuru kwa shangazi. Ulikuwa chumbani, unaimba. Nina hakika alikusikia. Aliniachia mfuko, akasema, "Haya, Mama Njoki," akaenda. Ile sweta nyekundu uliyodhani nilikununulia mimi, uliyoivaa mpaka mikono ikawa mifupi, ndiyo iliyokuwa kwenye mfuko.

Pumzika hapo kidogo kama unataka. Mimi nimepumzika, nimechemsha chai.

Sasa nifike kwako. Wiki tatu zilizopita ulisema unaenda Lavington kwa rafiki yako kuchukua vitabu, ukarudi jioni sana. Raba zako zilikuwa na vumbi jeupe. Udongo wa Lavington ni mwekundu, hata mwaka huu wa ukame ni mwekundu, na vumbi jeupe la namna ile nalijua ni la Nakuru. Halafu kuna ile saa ndogo aliyokupa ukiwa darasa la nne, iliyokufa ukakataza isitupwe. Juzi ulipoacha mkono wako mezani niliisikia inatembea. Mafundi wa saa wamejaa mjini, hilo nalijua pia.

Nilikwangua raba zako. Nilitia vumbi lile kwenye bahasha ndogo, nikaenda nalo maabara Jumatatu. Ningependa kukuambia kwamba niliacha kwa sababu nimebadilika, lakini ukweli ni kwamba stima ilikuwa imepotea. Hadubini bila taa ni chuma tu. Nikaketi na bahasha yako mapajani tangu saa nne, nikingoja, na kadiri nilivyongoja ndivyo nilivyozidi kumsikia akisema si ungeniuliza tu. Stima iliporudi saa tisa, wenzangu wakashangilia. Mimi niliitia bahasha mkobani nikarudi nyumbani.

Utaikuta ndani ya barua hii. Sijaifungua. Ni vumbi lako, litupe au liweke. Na ninakuuliza, kama nilivyopaswa kumuuliza mtu mwingine miaka minane iliyopita: mwanangu, ulikuwa wapi? Ukinijibu, nitaamini utakachosema. Usiponijibu sitatafuta. Nitataka kutafuta, nakufahamisha mapema, nitataka sana, na nitakaa juu ya mikono yangu.

Huenda unajua yote haya tayari, na umekuwa ukinihurumia kimya kimya kwenye meza ile ile ninayohesabia sukari. Kama ni hivyo, umenizidi utu, na nafurahi. Na kama hujui, kama vumbi lile ni la mahali pengine kabisa nisipopafikiria, basi nimekosea tena, na ujue hivi: baba yako hakutuacha. Nilimtoa.

Basi husimama Nakuru watu wale chakula. Yule fundi aliyechukua meza yake Tom Mboya aliniambia kibanda cha baba yako kiko hatua chache tu kutoka stendi, mlango wa buluu. Sikulazimishi ushuke. Lakini chini kabisa ya sanduku lako, chini ya blanketi, nimefunga kitu kwenye gazeti kuukuu, na nakuomba usikasirike kwamba nimekuongezea mzigo. Ni vile viatu vya kahawia. Vimekaa chini ya meza yangu ya kazi muda wote huu. Nimevipiga brashi, nimevipaka rangi, nimevitia kamba mpya.

Usimpe maneno yoyote kutoka kwangu. Maneno yangu nitampelekea mwenyewe, kama atanifungulia. Mpe viatu tu. Akikuuliza kama nimevipima tena, mwambie hapana.

Mama yako